Kwa Nini Uvumi Kuhusu Wayahudi na Benki za Dunia Haufi?

Utangulizi

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Tumefundishwa methali hiyo tangu shule ya msingi, na mara nyingi tunaiona ikitimia. Lakini upo uongo mmoja ambao njia yake imekuwa ndefu kuliko umri wa dola nyingi. Uongo huo unadai kwamba Wayahudi, kwa siri na kwa mpango mmoja, wanamiliki benki zote kubwa za dunia, wanachochea vita ili wazikopeshe pande zote mbili, na wanaamua nchi ipi itajirike na ipi ibaki maskini. Mizizi yake imo katika Ulaya ya Karne za Kati. Katika karne ya 19 ulichapwa katika vijitabu vya Paris, na katika karne ya 20 ukawa sera ya serikali mjini Berlin. Leo unasambazwa kwa simu katika vikundi vya wanafunzi wa Kampala, Nairobi na Dar es Salaam, na mara nyingi unachanganywa na habari za Frimasoni na Iluminati.

Insha hii haikusudii kuuliza kama uvumi huo ni wa kweli. Swali hilo limejibiwa na wanahistoria zamani, na majibu yao nitayagusa njiani. Swali langu ni jingine: kwa nini uvumi huu unapendwa? Kwa nini kila unapozikwa mahali pamoja huibuka mahali pengine? Nitaeleza kwanza ulivyozaliwa, kisha nitachukua mifano ya Waterloo, Urusi, Ujerumani na Marekani, halafu nitaonyesha jambo hili linatuhusu vipi sisi wa Afrika Mashariki.

Riba, Kanisa na mfalme

Katika Ulaya ya Karne za Kati, Kanisa lilikataza Mkristo kumkopesha mwenzake kwa riba. Mtaguso wa Tatu wa Laterani, mwaka 1179, uliamua kwamba mla riba anayejulikana asishiriki sakramenti wala asizikwe kama Mkristo. Wakati huohuo, katika nchi nyingi Wayahudi hawakuruhusiwa kumiliki ardhi kwa uhuru, wala kuingia katika vyama vya mafundi. Waliobaki na mtaji kidogo waliingia katika biashara na ukopeshaji, kwa sababu ndiko mlango ulikokuwa wazi. Wengi wao hawakuwa wakopeshaji hata kidogo, bali mafundi, wachuuzi na watumishi wa ndani. Lakini mdaiwa hamkumbuki fundi viatu, humkumbuka anayemdai.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni nafasi ya mfalme. Nchini Uingereza Wayahudi walihesabiwa kuwa chini ya mamlaka ya mfalme moja kwa moja. Aliwalinda, na kwa ulinzi huo aliwatoza kodi nzito kila alipohitaji fedha. Mkopeshaji tajiri Aaron wa Lincoln alipofariki mwaka 1186, mali yake ilichukuliwa na mfalme, na madeni aliyokuwa anadai yakawa mengi kiasi kwamba ilianzishwa idara maalumu ya kuyakusanya. Kwa hiyo mkulima au kabaila aliyekopa kwa Myahudi alikuwa, kwa njia ya kuzunguka, analipa kodi kwa mfalme. Hasira yake, hata hivyo, haikwenda ikulu. Ilikwenda kwa jirani aliyekuja kudai.

Waswahili husema dawa ya deni ni kulipa. Mwezi Machi 1190, wadaiwa wa mji wa York walitafuta dawa nyingine. Wayahudi wapatao 150, wanaume kwa wanawake na watoto, walikimbilia ndani ya ngome ya mfalme na kuzingirwa na umati. Wengi walijiua wenyewe kuliko kutiwa mikononi mwa umati huo, na waliosalia waliuawa. Kisha viongozi wa ghasia, ambao baadhi yao walikuwa wadaiwa wakubwa, walikwenda kanisa kuu la mji, zilikotunzwa hati za madeni, wakazichoma moto. Kitendo hicho cha mwisho kinaeleza mengi. Watu waliodai kwamba wanatetea imani yao walihakikisha kwanza kwamba karatasi za madeni zimeteketea. Naye mfalme alijifunza somo lake: mwaka 1194 serikali iliagiza nakala za mikataba ya mikopo zihifadhiwe katika makasha rasmi, ili hata mkopeshaji akiuawa, deni lisipotee.

Mwaka 1275 Mfalme Edward wa Kwanza aliwapiga Wayahudi marufuku kukopesha kwa riba, na mwaka 1290 akawafukuza wote nchini. Je, riba ilikwisha Uingereza? Haikwisha. Edward mwenyewe alikuwa akikopa kwa kampuni ya Riccardi ya mji wa Lucca, Italia, na baadaye kwa Frescobaldi wa Florence. Mjukuu wake, Edward wa Tatu, alikopa kwa Bardi na Peruzzi, nao wakafilisika katika miaka ya 1340. Hao wote walikuwa Wakatoliki, kama walivyokuwa Medici wa Florence na Fugger wa Augsburg waliokuja baada yao. Benki Kuu ya Uingereza ilipoanzishwa mwaka 1694, gavana wake wa kwanza alikuwa John Houblon, Mprotestanti. Kama historia ya benki ingekuwa na dini, basi kwa sehemu kubwa ingekuwa ya Kikristo. Lakini hakuna anayesema Wakristo wamekula njama.

Hadithi ya Waterloo

Katika karne ya 19 uvumi ulipata jina la ukoo: Rothschild. Mayer Amschel Rothschild alizaliwa mwaka 1744 katika mtaa wa Wayahudi mjini Frankfurt, mtaa mmoja mwembamba uliofungwa kwa malango usiku. Wanawe watano walifanya biashara katika miji mitano: Frankfurt, London, Paris, Vienna na Naples. Walikuwa matajiri kwelikweli. Walizikopesha serikali, waligharimia reli, na mwaka 1875 tawi la London liliipa serikali ya Uingereza mkopo wa pauni milioni 4 za kununua hisa za Mfereji wa Suez. Hayo ni kweli, na mwandishi anayetaka kupinga uvumi hana sababu ya kuyaficha.

Tatizo ni yale yaliyoongezwa juu ya kweli hiyo. Hadithi maarufu husema kwamba tarehe 18 Juni 1815 Nathan Rothschild alisimama karibu na uwanja wa Waterloo akitazama Napoleon akishindwa. Kwamba alivuka bahari katika dhoruba kwa kumlipa mvuvi fedha nyingi. Kwamba alifika London, akajifanya mwenye huzuni, akauza hatifungani zake ili watu wadhani Uingereza imeshindwa. Na kwamba bei zilipoanguka alinunua kila kitu na kutajirika kwa siku moja.

Wanahistoria wameifuatilia hadithi hii hadi kwenye chanzo chake. Ilipata umaarufu kutokana na kijitabu kilichochapwa Paris mwaka 1846, miaka 31 baada ya vita na miaka 10 baada ya kifo cha Nathan. Mwandishi wake, Georges Dairnvaell, alijiita Shetani. Nathan hakuwa Waterloo, alikuwa London. Zaidi ya hayo, ndugu hao walikuwa wamekusanya dhahabu nyingi kwa kutarajia vita virefu, kwa hiyo vita kwisha mapema kuliwatia hasara kuliko faida. Lakini hadithi haikufa. Mwaka 1940 Wanazi waliitengenezea filamu nzima, na leo vijana huitazama katika video fupi bila kujua kwamba wanasikiliza kijitabu cha mtu aliyejiita Shetani.

Upo ushahidi mwingine ambao huona unatosha peke yake. Lionel, mtoto wa Nathan, alichaguliwa kuwa mbunge wa London mwaka 1847. Hakuruhusiwa kuketi, kwa sababu kiapo cha bunge kilimtaka aape kama Mkristo. Alichaguliwa tena na tena, akangoja hadi mwaka 1858. Mtu anayedaiwa kuitawala dunia kwa siri alikaa miaka 11 nje ya mlango wa bunge la mji wake mwenyewe.

Kitabu cha kughushi na uwanda wa Uasin Gishu

Mwezi Aprili 1903, katika mji wa Kishinev uliokuwa chini ya Urusi, Wayahudi 49 waliuawa katika ghasia, na mamia ya nyumba na maduka yaliharibiwa. Mmoja wa wachochezi alikuwa Pavel Krushevan, mwenye gazeti. Mwaka huohuo Krushevan alichapisha katika gazeti lake jingine, mjini St Petersburg, maandishi yaliyokuja kujulikana kama Itifaki za Wazee wa Sayuni. Yalijifanya kuwa kumbukumbu za mikutano ya siri ya viongozi wa Kiyahudi wakipanga kuitawala dunia kwa dhahabu, mikopo na magazeti.

Sasa tutazame tarehe, kwa sababu hapa ndipo historia hii inapogusa kwetu. Mwezi Agosti 1903 viongozi wa harakati ya Wazayuni walikutana Basel, Uswisi. Ajenda iliyowagawa ilikuwa pendekezo la waziri wa makoloni wa Uingereza, Joseph Chamberlain, la kuwapa Wayahudi wanaokimbia mauaji ya Urusi eneo la makazi katika Afrika Mashariki. Eneo lenyewe ni uwanda wa Uasin Gishu, ambako leo upo mji wa Eldoret nchini Kenya. Kwa kuwa hadi mwaka 1902 sehemu hiyo ilihesabiwa kuwa ndani ya Uganda, mpango huo huitwa Mpango wa Uganda mpaka leo. Wanandi na Wamasai waliokuwa na haki katika nchi hiyo hawakuulizwa na mtu. Tume ya watu watatu ilitumwa kukagua, na mwaka 1905 mkutano mwingine ukaukataa mpango huo.

Haukupita hata mwezi mmoja tangu mkutano wa Basel ndipo Krushevan alipoanza kuchapisha Itifaki zake. Tuyaweke mambo haya mawili bega kwa bega. Katika mkutano halisi, uliofanyika hadharani na kuripotiwa na magazeti, Wayahudi walikuwa wakibishana na hata kulia kuhusu kama wakubali kipande cha nchi ya watu wengine katika nyanda za juu za Afrika, kwa sababu hawakuwa na mahali pa kukimbilia. Katika mkutano wa kubuni, Wayahudi haohao walikuwa wameishika dunia mkononi. Dunia iliuamini ule wa kubuni.

Mwaka 1921 mwandishi Philip Graves wa gazeti la The Times alithibitisha kwamba Itifaki zilinakiliwa, kurasa kwa kurasa, kutoka kitabu cha Mfaransa Maurice Joly cha mwaka 1864. Kitabu cha Joly kilikuwa kejeli dhidi ya Mfalme Napoleon wa Tatu, na hakikuwa na habari za njama ya Wayahudi. Mwizi wa maandishi alichukua maneno yaliyowekwa kinywani mwa mtawala dhalimu, akayaweka kinywani mwa Wayahudi. Kwa mwanafunzi yeyote, wizi wa maandishi ukigunduliwa kazi yake hutupwa. Itifaki hazikutupwa. Zilitafsiriwa katika lugha nyingi, na bado zinauzwa.

Ujerumani: uvumi unapopata serikali

Ujerumani inatufundisha kwamba uvumi hupanda na kushuka pamoja na hali ya uchumi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, nchi hiyo ilikuwa na madeni ya vita, fidia kwa washindi na serikali iliyochapa noti bila kipimo. Kufikia Novemba 1923 dola moja ya Marekani ilikuwa na thamani ya marki trilioni 4.2. Mzee aliyeweka akiba maisha yake yote aliamka akakuta haitoshi kununua mkate. Aliyekuwa gavana wa benki kuu katika miaka hiyo ni Rudolf Havenstein, ambaye hakuwa Myahudi. Lakini kumweleza mzee huyo habari za fidia, bajeti na uchapaji wa noti ni kazi ndefu. Kumwambia kwamba Myahudi amekuibia ni sentensi moja.

Takwimu za uchaguzi zinaonyesha jambo hili waziwazi. Mei 1928, uchumi ulipokuwa na nafuu, chama cha Hitler kilipata asilimia 2.6 tu ya kura, ingawa kilikuwa kinahubiri chuki ileile. Mwaka 1929 soko la hisa la New York lilianguka. Septemba 1930 chama hicho kilipata asilimia 18.3. Mwaka 1931 benki kubwa za Ujerumani ziliyumba, na mwanzoni mwa 1932 watu zaidi ya milioni 6 hawakuwa na kazi. Julai 1932 kura zikafika asilimia 37.3. Si kila aliyempigia Hitler kura alifanya hivyo kwa kuwachukia Wayahudi. Lakini wengi walikuwa tayari kuivumilia chuki hiyo, na hilo lilitosha.

Wayahudi wa Ujerumani wakati huo hawakufika asilimia moja ya wananchi. Mara Wanazi waliposhika madaraka, wale waliodaiwa kuwa na nguvu zote hawakuweza kuzuia hata maduka yao wenyewe yasichukuliwe. Baada ya usiku wa tarehe 9 Novemba 1938, masinagogi yalipochomwa na madirisha ya maduka kuvunjwa, serikali iliwatoza wahanga wenyewe faini ya marki bilioni moja. Kisha ikaja vita, na Wayahudi wapatao milioni 6 wa Ulaya wakauawa. Wengi wao walikuwa watu wa kawaida wa Poland na Urusi: washonaji, waokaji, walimu, watoto. Hawakuwahi kumiliki benki. Baadhi hawakuwahi hata kuingia ndani ya benki.

Marekani: kweli nusu na benki kuu

Mtu anaweza kusema kwamba hayo ni ya Wanazi, na watu wenye elimu wa nchi huru hawawezi kudanganyika. Henry Ford, aliyetajirika kwa kutengeneza magari, alikuwa na gazeti lake, The Dearborn Independent. Kuanzia mwaka 1920 gazeti hilo lilichapa makala mfululizo za kuwashutumu Wayahudi, nyingi zikitegemea Itifaki. Mwaka 1927, baada ya kushtakiwa mahakamani, Ford aliomba radhi. Lakini makala zile zilikwisha kusanywa kuwa vitabu na kutafsiriwa Ujerumani, ambako Hitler alimsifu Ford kwa jina.

Mfano mwingine ni Benki Kuu ya Marekani, iliyoanzishwa kwa sheria ya Desemba 1913. Ni kweli kwamba mwaka 1910 mwanasiasa Nelson Aldrich alikutana kwa siri na wataalamu wachache wa benki katika kisiwa cha Jekyll, wakaandaa rasimu. Ni kweli pia kwamba mmoja wao, Paul Warburg, alikuwa Myahudi mzaliwa wa Ujerumani. Wasambazaji wa uvumi humtaja Warburg na kuwanyamazia wengine, ambao hawakuwa Wayahudi. Humnyamazia hata J. P. Morgan, Mkristo wa Kianglikana, ambaye katika mtikisiko wa mwaka 1907 alikuwa na nguvu kuliko benki yoyote nchini humo. Kuchagua jina moja kati ya mengi na kulifanya ufunguo wa kila kitu ndiyo mbinu kuu ya uvumi huu.

Kwa nini unapendwa?

Kutokana na mifano hii, naona sababu nne.

Kwanza, uvumi unatoa sura kwa kitu kisicho na sura. Mfumuko wa bei hauonekani. Riba haina uso. Soko la fedha ni mamilioni ya maamuzi ya watu wasiojuana. Binadamu anayeumia hutaka kujua nani amemuumiza, na kumwambia kwamba ni mfumo hakumridhishi.

Pili, uvumi hubeba punje ya kweli. Rothschild walikuwapo. Mkutano wa Jekyll ulifanyika. Msikilizaji akihakiki punje hiyo na kuikuta kweli, huumeza mzigo wote. Hapa methali yetu nyingine, lisemwalo lipo, kama halipo laja, inaweza kutupotosha. Lisemwalo mara nyingi lipo kwa sehemu tu, na sehemu ile iliyoongezwa ndiyo inayoua.

Tatu, uvumi haukubali kushindwa. Ukileta ushahidi kwamba Wayahudi walio wengi hawakuwa matajiri, utaambiwa wanajificha. Ukionyesha kwamba Itifaki ni za kughushi, utaambiwa kwamba hata hivyo yaliyomo yanatimia. Hoja ambayo kila ushahidi unaipa nguvu, hata ushahidi wa kuipinga, si hoja tena.

Nne, na kwangu hii ndiyo sababu kubwa, uvumi una faida kwa wenye madaraka. Kabaila wa York alitaka deni lake lifutwe. Utawala wa Urusi haukukosa nafuu wakulima walipomtazama Myahudi badala ya kuutazama wenyewe. Hitler alitaka Ikulu. Mwananchi anayeamini kwamba dhiki yake imepangwa na watu wa siri walio ng'ambo hatauliza bajeti ya nchi yake imekwenda wapi.

Jambo hili linatuhusu vipi?

Wayahudi wa Uganda ni wachache mno. Jamii ya Abayudaya karibu na Mbale, iliyotokana na Semei Kakungulu mnamo mwaka 1919, ni ya wakulima, na benki za dunia haiwezi kuziendesha. Hata hivyo historia ya Uganda imekutana na fikra hizi kwa njia ya uchungu.

Chini ya ukoloni wa Kiingereza, wafanyabiashara wenye asili ya Asia waliwekwa katikati: Mzungu juu, Mwafrika chini, mwenye duka na kinu cha pamba katikati. Mkulima wa pamba hakumwona gavana. Alimwona mnunuzi aliyempimia pamba yake kwenye mizani. Mwaka 1949 wakulima wa Buganda walidai, miongoni mwa mambo mengine, haki ya kuchambua pamba yao wenyewe. Dai hilo lilikuwa la haki, na lilielekezwa kwenye sera. Lakini mwaka 1972 Idi Amin alilichukua dai la haki na kuligeuza kuwa hukumu juu ya watu wote wa asili moja. Mwezi Agosti aliwapa siku 90 waondoke, na akaviita vita vya uchumi. Mwezi Septemba, wakati siku hizo zikihesabiwa, alimpelekea Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Kurt Waldheim, simu ya maandishi akimsifu Hitler kwa kuwaua Wayahudi. Sidhani kwamba mambo hayo mawili yalikutana kwa bahati tu. Wazo ni lilelile: kwamba uchumi ukiwa mgonjwa, tiba ni kuwaondoa watu wa aina fulani.

Sisemi kwamba yaliyowapata Waasia wa Uganda ni sawa na yaliyowapata Wayahudi wa Ulaya; tofauti ni kubwa. Ninachosema ni kwamba matokeo ya kiuchumi yanafanana na yale ya mwaka 1290. Maduka yaligawiwa wanajeshi na watu wa karibu nao, ambao wananchi waliwapa jina la mafuta mingi. Sukari, chumvi na sabuni vikaadimika, na magendo yakashamiri. Wenye maduka walibadilika, lakini mkulima aliendelea kuwa chini.

Leo kizazi chetu kinarithi madeni ya taifa, na tuna haki ya kuuliza nani anaamua masharti yake. Majibu hayako katika video za siri. Shirika la Fedha la Kimataifa na Benki ya Dunia ziliundwa Julai 1944 huko Bretton Woods, Marekani, na wajumbe wa nchi 44, wakati sehemu kubwa ya Afrika ingali koloni. Katika Shirika la Fedha kura hutegemea mchango wa kila nchi. Marekani ina zaidi ya asilimia 16 ya kura, na kwa kuwa maamuzi makubwa huhitaji asilimia 85, nchi hiyo peke yake inaweza kuyazuia. Kwa desturi rais wa Benki ya Dunia hutoka Marekani, na mkuu wa Shirika la Fedha hutoka Ulaya. Hakuna siri hapo. Kanuni hizo zimechapishwa, na yeyote anaweza kuzisoma, kuzipinga na kuitaka serikali yake izipinge. Anayetuambia tuwatafute Rothschild anatuondoa kwenye meza ambako mambo hayo yanaamuliwa.

Hitimisho

Insha hii imeonyesha kwamba uvumi kuhusu Wayahudi na benki haukutokana na tabia ya Wayahudi, bali na mahali walipowekwa na sheria za wengine. Kwamba ulikuzwa na maandishi ya kughushi. Na kwamba hustawi wakati wa dhiki kwa sababu ni rahisi kuuelewa na una faida kwa wanaotawala. Kukosoa benki, riba kubwa na masharti ya mikopo ni haki yetu na hata ni wajibu wetu kama wasomi. Lakini ukosoaji hutaja sheria, tarehe, kiasi cha fedha na mtu aliyetia sahihi, na uko tayari kusahihishwa. Uvumi hutaja kabila au dini, kisha humwachia msikilizaji aamue la kufanya.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna kazi ya pekee katika jambo hili, kwa sababu sasa uvumi huu umejifunza lugha yetu. Video na ujumbe unaozunguka katika simu zetu umetafsiriwa kwa Kiswahili kizuri, wakati kazi za wanahistoria walioukanusha zimebaki katika Kiingereza, Kifaransa na Kijerumani. Msomaji wa kijijini anayepata upande mmoja tu kwa lugha yake hawezi kulaumiwa akiuamini. Ni juu yetu kumpatia upande wa pili, kwa lugha hiyohiyo.